Mbuzi Wawili Wasimnyime Haki Yake

Kuna ushauri unaozunguka vijijini mwetu, na wanaoutoa wanautoa kwa nia njema kabisa. Mtu mwenye ulemavu anaambiwa: ukisikia waandikishaji wanakuja, mbuzi wapeleke kwa jirani, cherehani ifunike kanga, wewe kaa mkekani uonekane huna lolote. Wakikukuta unajishughulisha watasema unajiweza, na jina lako halitaingia. Kama lilishaingia, litafutwa.

Nawaandikia watu wa Morogoro, wa mjini na wa milimani, kuomba mambo mawili. La kwanza, tuache kutoa ushauri huu. La pili ndilo zito: tuondoe sababu inayoufanya usikike kuwa wa busara. Kwa maana anayeufuata si mwongo wala mvivu. Amepiga hesabu zake. Ameona jirani aliyeanza kufuga akisemwa kwenye mkutano, naye ameamua kwamba njaa ya uhakika yenye ruzuku ni afadhali kuliko jasho lisilo na uhakika.

Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kufanya kazi, haki ya kujipatia elimu, na haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Zote zimo ndani ya ibara moja, na hakuna mahali inaposema ukichukua hii uiache ile. Ni kweli kwamba imewekwa katika sehemu ya malengo ya nchi, sehemu ambayo kwa ibara ya 7 mahakama haziwezi kuitolea uamuzi, kwa hiyo huwezi kuibeba ukaenda kufungua kesi. Lakini inatuonyesha tulikusudia kuwa nchi ya namna gani. Tarehe 10 Novemba 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na humo pia ibara ya 27 ni ya kazi, ibara inayofuata ni ya hifadhi ya jamii. Mwaka mmoja baadaye Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Hakuna hata andiko moja kati ya hayo linalomtaka mtu akae mkekani ndipo asaidiwe.

Basi kwa nini tunaona kazi na msaada haviendi pamoja? Nadhani ni kwa sababu tunaangalia anachoingiza mtu bila kuangalia kinachomtoka. Twende Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, tuone.

Mwaka 1988, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na watu wa Norwei, mbuzi wa maziwa kutoka Norwei waliletwa Mgeta. Hali ya hewa ya juu kule iliwafaa, wakazaana, na hadi leo kijiji cha Nyandira kinajulikana kwa mbuzi hao. Wanafugwa bandani, kwenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mabua na majani yakiletwa mlangoni. Kwa mtu ambaye miguu yake haimpeleki mbali, ni vigumu kupata mfugo unaomfaa zaidi. Anaweza kukamua akiwa amekaa kigodani. Anamjua kila mbuzi kwa jina, anajua yupi amegoma kula jana. Mtu akisimama barabarani akatazama, ataona mfugaji mwenye mbuzi wawili na ndoo ya maziwa, aende zake akiamini mambo ni mazuri.

Sasa mtu huyo huyo anataka kwenda zahanati. Jirani yake anashuka kwa miguu bure, yeye lazima apande bodaboda, kwenda na kurudi, na siku ya mvua za masika bei inapanda kwa kuwa njia ni utelezi mtupu. Majani ya mbuzi, ambayo mwenzake anayakata mwenyewe, yeye anamlipa kijana ayakate. Mpira wa chini ya gongo, ule ambao mjini unaweza kukaa muda mrefu, kwenye mawe ya Uluguru unaisha upesi, na gongo likibaki chuma kitupu linateleza, na kuanguka mlimani si sawa na kuanguka uwanjani. Akiitwa kusaini karatasi makao makuu ya wilaya, kutoka Nyandira anashuka hadi Mzumbe, anapita Morogoro mjini, anaelekea Dakawa, ndipo aipate Mvomero. Wa Kinole au Tawa naye ana safari yake ya kwenda Mvuha. Kila safari ni nauli ya watu wawili, yeye na anayemsindikiza. Maziwa ya wiki yanaweza kuishia njiani.

Hizo gharama hazipungui anapoanza kufanya kazi. Mara nyingi zinaongezeka, kwa sababu sasa anatoka zaidi. Ndiyo maana nasema ruzuku ya ulemavu isihesabiwe kuwa malipo ya kukaa. Inaziba pengo ambalo asiye na ulemavu hana, na pengo hilo lipo mtu awe analala au anakamua.

Tanzania Bara hatuna posho ya kila mwezi anayopewa kila mwenye ulemavu kwa sababu tu ya ulemavu wake. Kilicho karibu zaidi kimekuwa mpango wa kunusuru kaya unaoendeshwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000, ukijenga madarasa na visima. Ruzuku za kaya zilikuja baadaye, na kipindi cha pili cha mpango kilizinduliwa Februari 2020. Kila aliyepita humo anakumbuka ilivyokuwa. Mkutano wa kijiji au mtaa unataja kaya zenye hali ngumu. Kisha linakuja dodoso, nyumba kwa nyumba: paa ni bati au nyasi, sakafu ni udongo au saruji, kuna redio, kuna mifugo, watoto ni wangapi. Majibu yanakwenda kuchakatwa, na hesabu ndiyo inayosema nani anaingia.

Hapo pana jambo ambalo wengi hatulioni. Dodoso linapima kaya. Halimpimi mtu. Dada asiyeona anayeishi kwa kaka yake mwenye nyumba ya bati ataonekana anakaa kwenye kaya inayojimudu, hata kama sabuni tu anaomba. Na sisi huku, ambako ardhi ya Waluguru hupitia ukoo wa mama na ndugu hukaa wamezungukana, watu wa namna hiyo ni wengi. Ukimwona dada huyo kwenye mkutano amenyamaza, usidhani hana la kusema. Huenda anaogopa kumuaibisha kaka yake mbele za watu. Jirani ndiye anayeweza kulisema kwa heshima: mwenyekiti, nyumba ile ni ya kaka, lakini huyu dada hana chake.

Mikutano yenyewe tuiangalie. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Mara nyingi unafanyika ofisini, na ofisi iko juu ya ngazi za udongo. Kiziwi anaketi mbele, anaangalia midomo ya watu wanaozungumza kwa zamu na kwa haraka, anaondoka hajui jina lake limetajwa au la. Mwenye ugonjwa wa akili hakuitwa kabisa, kwa kisingizio kwamba atavuruga kikao. Halafu inasomwa orodha, na mtu wa nyuma anapaza sauti: huyo mtoeni, ana mbuzi! Watu wanacheka, mtendaji anakata jina, hoja inayofuata. Nawasihi: siku hiyo asipatikane wa kucheka. Apatikane wa kusimama na kuuliza, mbuzi wangapi, na nani anawakatia majani?

Wapo ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho au haueleweki, na hao ndio tunaowahukumu vibaya kuliko wote. Mtu mwenye ualbino anatambuliwa na sheria kuwa mtu mwenye ulemavu, lakini akionekana shambani ameshika jembe, wapo wanaosema mzima huyu. Jua la saa sita linamwachia vidonda ambavyo vikipuuzwa vinageuka saratani. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama Kilisun, yanayotengenezwa hospitali ya KCMC kule Moshi. Anahitaji pia kazi ya kivulini. Akipata kazi ya kupanga karoti chini ya turubai badala ya kulima, huo ni ushindi wa kijiji kizima, na itakuwa ajabu kama ushindi huo ndio utakaotumika kumfuta kwenye orodha.

Kwenye mpango wa TASAF kuna lugha ya kuhitimu. Kaya iliyoimarika inahitimu, inawapisha wengine. Sipingi hilo, fedha hazitoshi na wahitaji ni wengi. Mpango wenyewe umekuwa ukiwahimiza walengwa waunde vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na umetoa ruzuku ya uzalishaji ili watu waanzishe miradi. Kwa hiyo anayeficha mbuzi anaficha kile kile ambacho mpango ulitaka akipate. Hata hivyo naomba wanaopanga awamu zijazo walipime hili: kaya inaweza kuhitimu, ulemavu hauhitimu. Sehemu ya ruzuku inayotokana na ulemavu ingebaki hata kaya inapotoka kwenye umaskini mkubwa, au ipungue polepole kadiri kipato kinavyosimama, mtu asiamke siku moja amepoteza vyote kwa sababu ya mbuzi kuzaa mapacha. Na masharti ya kutolewa yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe kwenye ubao wa kijiji, yasomwe kwa sauti kwa asiyeona. Hofu nyingi zinakua kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa mstari uko wapi.

Wengine wameshajaribu njia nyingine. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee mkaazi aliyefikisha miaka 70, kiasi ambacho baadaye kilipanda hadi 50,000. Bibi wa Makunduchi akiendelea kusuka ukili na kuuza mikeka, hakuna anayemjia kumuuliza. Kenya, kupitia Inua Jamii, huwalipa shilingi zao 2,000 kwa mwezi wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji uangalizi wa muda wote. Na mwenye ulemavu aliyeajiriwa huko, akiwa na cheti cha msamaha, mshahara wake hadi shilingi 150,000 za Kenya kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato. Hapo anayefanya kazi anaungwa mkono kwa sababu anafanya kazi. Hata Marekani, nchi tajiri, hofu ya kufutwa imewasumbua miaka mingi, ndipo wakaweka taratibu kama miezi tisa ya kujaribu kazi kwa mwenye bima ya ulemavu, bila malipo yake kuguswa. Sisi hatuna fedha zao, lakini wazo la kumpa mtu muda wa kujaribu halihitaji utajiri.

Wapo pia ndugu zetu waliopata ulemavu wakiwa kazini, nao mara nyingi hawajui mlango wao ni upi. Mkoa huu una mashamba ya mkonge, viwanda vya tumbaku, miwa ya Mtibwa na Kilombero. Korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikikata vidole, chombo cha kukimbilia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo inakuwa pensheni ya kila mwezi. Aliyeugua au kuumia nje ya kazi, kama ni mwanachama wa NSSF, kuna pensheni ya ulemavu, na huko madaktari wanapima kama uwezo wa kujipatia kipato umepungua kwa theluthi mbili. Vipimo ni viwili tofauti, na mtu akivichanganya anaweza kukata tamaa mahali ambapo hakupaswa. Kijana akikuambia alipata ajali kiwandani akapewa pole na nauli ya kurudi nyumbani, msindikize ofisi ya mfuko kabla karatasi hazijapotea.

Halafu kuna asilimia mbili. Kwa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoingizwa mwaka 2018, kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu usafishwe, ikarejea mwaka 2024. Kanuni zimelegezwa hata mwenye ulemavu asiye na kikundi aweze kuomba peke yake. Ni mkopo, unarudishwa, na mtu aingie akijua hivyo. Lakini ni mkopo usio na riba, jambo ambalo hakuna duka la fedha pale Msamvu litakalokupa.

Kinachonisikitisha ni kwamba ule ushauri wa kujificha unaua pia nafasi hii. Huwezi kuficha cherehani Jumatatu, Jumanne ukaombe mkopo wa kununulia ya pili. Fungu lile linataka mtu anayesema wazi: mimi ni fundi, nashona sare za shule, nikipata kitambaa cha jumla nitashona nyingi zaidi. Tukimfundisha kujificha tunamfungia milango miwili kwa mpigo.

Kwa waajiri wa Morogoro sitasema mengi, kwa kuwa sheria imeshasema. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Tuna vyuo vikuu viwili vikubwa, VETA iko Kihonda, hoteli zimejaa barabarani, viwanda vipo. Kwa wafanyakazi 100 ni watu watatu tu. Anza kwa kumuuliza mwombaji anahitaji nini ili aifanye kazi vizuri; mara nyingi atajibu kitu kidogo, kama meza iliyoinuliwa, au ujumbe wa simu badala ya kupigiwa. Na kwa watendaji wanaosimamia kazi za ujira wa muda vijijini: si kila kazi ni ya sururu. Kitalu cha miche kinataka mtu mwenye subira wa kujaza udongo kwenye viriba. Mahudhurio yanataka mtu mwenye mwandiko mzuri.

Nawe ndugu yangu mwenye ulemavu, nakuomba jambo gumu, najua. Waandikishaji wakija, mtaje mbuzi wako. Cherehani iache wazi. Waeleze pia unachotumia: bodaboda, majani, msaidizi, dawa, mtoto anayekosa shule Ijumaa ili akushike mkono. Ukiweza yaandike mapema kwenye daftari, au mwanao ayaandike, ili siku hiyo usibabaike. Hakikisha jina lako limo kwenye rejista ya watu wenye ulemavu kwa mtendaji wa kijiji au mtaa wako, na kwamba kamati ya watu wenye ulemavu ipo kweli na inakaa vikao. Sheria ya 2010 imeitaja. Ukikataliwa, uliza sababu, na ukaione ofisi ya ustawi wa jamii. Vyama kama CHAWATA cha watu wenye ulemavu, CHAVITA cha viziwi, Chama cha Wasioona na cha watu wenye ualbino vimefanya kazi hii miaka mingi. Usiende peke yako kama unaweza kwenda na wenzako.

Sensa ya 2022 ilikuta kwamba kati ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea, asilimia 11.2 wana ulemavu wa aina fulani. Ni zaidi ya mmoja kwa kila kumi. Kwenye gulio la Nyandira, kwenye Soko la Chifu Kingalu, kwenye foleni ya daladala Mafiga, wapo, na wengi wao wanafanya kazi sasa hivi.

Waheshimiwa madiwani wa Mvomero, wa Morogoro Vijijini na wa Manispaa, bajeti zikianza kujadiliwa, ulizeni hesabu ya asilimia mbili kwa kata: waliomba wangapi, walipata wangapi, waliokosa walikosa kwa nini. Na siku za kupokea maombi na kusaini mikataba, wapandisheni maofisa kule juu. Gari la halmashauri kupanda hadi Nyandira, Bunduki na Kolero mara moja kwa robo mwaka ni mafuta ya siku moja. Likipanda, wanaohitaji kusaini watakuwa wanasubiri chini ya mti wa ofisi ya kata, na nauli zao zikiwa bado mfukoni.